Kilo Nne za Heshima

1

Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, nesi, mkunga, mama wa watu, amesimama peku juu ya sahani ya chuma ya kupimia uzito akisubiri kuambiwa kwamba anakula kwa siri. Hivyo ndivyo Subilaga Mwakatobe alivyokuwa asubuhi ile, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Nje ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za zahanati ya Ilumbwe. Wanawake waliokaa kwenye benchi la ukumbini walikuwa wamejitanda vitenge juu ya sweta na bado meno yanagongana. Yeye jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Lilianzia kifuani kama kawaida yake, likapanda shingoni, likamfikia masikioni, na akajua kwamba uso umeshaiva na kila mtu anauona.

"Subilaga Mwakatobe," alisema Shangazi, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi. "Una kilo sabini na tisa. Pacha wako ana kilo sitini na nane. Una ziada isiyoelezeka ya kilo kumi na moja."

Jina la Shangazi lilitoka kwa watu wenyewe wiki ile mashine ilipowekwa, kwa sababu ilikuwa haikosi la kukuambia na haingoji uulize. Aliishi ukutani, nyuma ya kioo kirefu, na kilichomtia kiburi kilikuwa pacha. Kila aliyewahi kukanyaga zahanati yoyote ya Rungwe alikuwa na pacha wake humo ndani, mwili wa hesabu tupu, uliofumwa kutokana na madaftari yote ya wilaya tangu enzi za kalamu. Ukizeeka anazeeka. Akitaka kuugua, anaugua kabla yako, na wewe unaitwa upewe dawa. Shangazi anakupima, anakuweka ubavuni mwa pacha wako, na pakitokea pengo kati ya nyama na hesabu, kinachoaminiwa ni hesabu.

Na usije ukadhani watu walikuwa wajinga kulikubali jambo hilo. Shangazi alianza na wajawazito, miaka kumi na moja iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna mama hata mmoja wa Rungwe aliyekufa kwa kutokwa damu wakati wa kujifungua. Hata mmoja! Pacha wa mama anavuja damu Jumatatu, gari linamfikia mama mwenyewe Jumanne akiwa bado anamenya ndizi. Subilaga, ambaye enzi za madaftari aliwafunika shuka wanawake wanne anaowakumbuka kwa majina, alilia kwa furaha mwaka ule wa kwanza ulipokwisha. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akawaambia watu kitu hiki kipokeeni. Kwa hiyo Shangazi alipofunguliwa kwa kila mtu, miaka miwili iliyopita, na kuanza kuwaumbua wanawake wa rika lake, Subilaga alikuwa hana hata mdomo wa kulalamikia.

Lakini siku hiyo alijitahidi. Alisema kwamba halali. Akasema anaamka mashuka yamelowa, magoti yanalia, sketi zote zimemkataa kiunoni, na kwamba anakula uji asubuhi, ndizi mbili na maharage mchana, jioni mboga tu, na kama kuna mwenye shaka aje akae naye jikoni. Akaomba kibandiko, kile kipande kidogo cha dawa kinachobandikwa begani na kurudisha kidogo kile ambacho mwili wa mwanamke unaacha kutengeneza umri huo. Alikuwa anajua kazi yake kwa sababu mwenyewe ameshawabandikia wanawake wa Mbeya waliokuja na barua za madaktari wao.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamjibu kwamba pacha wake alikoma hedhi miaka saba iliyopita, akiwa na miaka arobaini na mitano, na wala hakusumbuka, kwa hiyo joto analolieleza halihusiani na ukomo wa hedhi na kibandiko hakitatolewa. Na kwa kuwa hili ni pengo la tatu, kuanzia leo yuko daraja la wasiri.

"Sijakoma," alisema Subilaga. "Nilikuwa kwenye siku zangu wiki iliyopita."

"Maelezo ya msiri hayaandikwi," alisema Shangazi. "Asante kwa kuja."

Subilaga aliinama akavaa viatu. Kufunga gidamu tu kulimchukua muda, kwa sababu tumbo lilimzuia. Alipotokea ukumbini, wale wanawake wa kwenye benchi, wote wa rika lake, wote waliosikia kila neno, walikuwa wanaangalia sakafu.

2

Msiri maana yake ni mtu anayekula halafu anaficha. Ukishaitwa hivyo, Shangazi hakuulizi tena unaumwa nini, anausoma mwili tu kama anavyosoma gunia. Kibandiko hupati. Goti jipya hupati, na Rungwe ni nchi ya milima. Halafu kuna maneno ya watu. Mwanamke amelea watoto sita kwa kuchuma chai kwenye mvua, leo hii mume wake anamwangalia anapoonja mchuzi jikoni kana kwamba amemkamata akiiba chungu chake mwenyewe.

Huyo mwenye watoto sita alikuwa Tusekile Mwambene, rafiki wa Subilaga tangu darasa la kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miezi saba alikuwa msiri. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa, na zamu ya kubadilishiwa aliinyimwa mpaka pengo lake lifungwe.

Siku mbili baada ya Subilaga kuitwa msiri, Tusekile aliletwa zahanati amebebwa na wenzake ndani ya kitenge. Alikuwa ameanguka katikati ya mistari ya chai. Subilaga alimwekea dripu ya sukari, akamkalia kooni mpaka akasema ukweli. Tangu Jumapili alikuwa amekula kabichi ya kuchemsha na maji ya limau, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alisema kwamba wengi huko shambani wanafanya hivyo, wana siku zao walizopangiana, wanatiana moyo. Alilieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza chama cha kuzikana.

Kanuni ilitaka kila anayelazwa apimwe kabla ya kuondoka. Tusekile aliposimama kwenye sahani, amemshika Subilaga bega asianguke, Shangazi alimwambia pengo limepungua kwa kilo tatu na akampongeza. Na Tusekile, midomo imepauka, alitabasamu.

Hapo ndipo hasira ya Subilaga ilipofika mahali pengine. Ya kuitwa mwongo yeye mwenyewe angeweza kuimeza. Hii ilikataa kushuka.

3

Mtunza pacha wa zahanati aliitwa Lugano, binti wa miaka ishirini na saba, mimba yake ya kwanza ya miezi saba. Chumba chake kilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi. Subilaga ndiye aliyemzalisha mama yake, kwa hiyo Lugano alimheshimu kupita kiasi, na alipoombwa afungue mashine aoneshe pacha wa wanawake watu wazima wanavyofumwa, alisita kidogo tu kisha akavuta kiti cha pili.

Alionesha mstari. Uzito wa wanawake wa Rungwe ulipanda taratibu kuanzia miaka ishirini. Ulipofika arobaini na mitano ukashuka ghafla kilo mbili. Ulipofika hamsini ukashuka tena, jumla kilo nne, na kuanzia hapo ulitembea tambarare mpaka kaburini. Na ukomo wa hedhi, wanawake tisini na watatu katika kila mia walikuwa wamekoma wakiwa na miaka arobaini na mitano kamili. Lugano alilisema hilo kwa fahari. Alieleza kwamba wataalamu wa mbali wameuandikia sana wepesi huo wa wanawake wa Rungwe, na kwamba takwimu za wilaya yao husifiwa kwa usafi, namba hazirukiruki.

Subilaga alimwuliza kwa nini basi vipimo vya sasa, vya wanawake kama yeye na Tusekile, havijaurekebisha huo mstari. Lugano akamwelewesha kwa uvumilivu. Pacha hufundishwa kwa vipimo vinavyoaminika. Kipimo cha msiri hakiaminiki, kwa hiyo huwekwa pembeni.

"Kwa hiyo kila atakayekuwa tofauti na mstari anaitwa mwongo," alisema Subilaga, "na kwa sababu ni mwongo, mstari haumsikii."

Subilaga akaomba kuona mahali ule mstari ulipotoka, ile picha ya daftari lenyewe. Ilichukua muda kuitafuta. Ilipofunguka, kabla hata hajasoma tarehe, aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake. Kilo sabini na moja, amekoma, 45. Kilo sitini na sita, amekoma, 45. Ukurasa mzima hivyo, na uliofuata.

Ngoja nieleze, maana bila kulieleza hili utawaona manesi wale kama wahuni, na hawakuwa. Zahanati ya zamani ilikuwa na mizani moja, nayo ilikaa ukumbini, mbele ya benchi. Nesi alisoma kilo kwa sauti ili karani aliyeko dirishani aandike, na siku ambazo karani hayupo aliandika nesi mwenyewe, lakini kusoma alisoma vilevile, ndiyo ilikuwa taratibu. Sasa mwambie nesi wa miaka ishirini na minne amtangazie mke wa mchungaji kwamba ana kilo tisini, na palepale kwenye benchi amekaa baba mkwe wa mama huyo, mtu ambaye kwa mila za huko hata njia moja hawapishani. Haiwezekani. Kwa hiyo matroni wao, Mama Anyosisye, aliwafundisha. Mama akishavuka arobaini na tano, mtolee mbili za nguo. Akivuka hamsini, mtolee nne. Nguo hazikufika kilo nne hata ukijumlisha sweta, kitenge na mabuti ya mvua. Zilikuwa kilo za heshima na kila nesi alilijua hilo. Na yale ya hedhi ndiyo kabisa. Nani alikuwa na uso wa kumwuliza mwanamke wa umri wa mama yake siku zako zimekatika lini? Wakaandika 45 na kufunua ukurasa. Subilaga mwenyewe alipofikisha umri huo, nesi mdogo wa zamu alimwandikia hivyohivyo bila kumwuliza, naye aliona binti amelelewa vizuri.

Madaftari hayo ndiyo waliyoyapiga picha. Ndiyo yaliyomfuma pacha.

Alimweleza Lugano yote, hapohapo, huku joto limempanda na ameshika kingo za meza. Lugano alijibu kama mtunza pacha, siyo kama mtoto. Pacha wote wa wilaya ni kitambaa kimoja. Uzi wa mama mjamzito unapita katika uzi wa mwanamke wa miaka hamsini kwa sababu hesabu inamwangalia mmoja ili ijue mwingine anakoelekea. Nesi akila kiapo kwamba maandishi yake ni ya uongo, sheria haina mlango wa uani. Shangazi wa Rungwe nzima anazimwa mpaka afumwe upya, miezi mitano kwa uchache. Na kwenye orodha ya wajawazito kwa siku hiyo walikuwamo wanawake mia mbili na kumi na wawili.

"Mimi ni wa kumi na saba, Mama," alisema Lugano, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Halafu, kwa sauti ya chini, akamwambia kuna njia nyingine. Pacha mmoja anaweza kusahihishwa kwa kisingizio cha kosa la kunakili. Mmoja tu kwa mwaka, zaidi ya hapo ofisi itauliza. Angeweza kumsahihisha Subilaga leo na kibandiko kikatoka Ijumaa. Hakuna ambaye angejua.

4

Kwanza alikwenda kwa Mama Anyosisye. Bibi yule sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yamefifia lakini ulimi uko palepale. Subilaga alipiga magoti akamwamkia, akamweleza, akitegemea labda ataambiwa sema, mwanangu, useme na yaishe. Wapi! Mama Anyosisye alikasirika. Alimkumbusha kwamba manesi kumi na mmoja wa enzi ile bado wako hai, na kila mmoja jina lake litasomwa.

"Sisi tuliwasitiri wale akina mama," alisema. "Wewe unataka kuwavua nguo wakiwa makaburini. Na wanaozaa leo unataka wafe ili wewe upungue tumbo?"

Subilaga alirudi nyumbani na swali hilo. Alilibeba siku tano. Aliwaza wale wanne aliowafunika shuka. Aliwaza wanawake wa shambani wanaopangiana siku za kushinda njaa, na akajua kwamba yupo atakayeanguka asiamke, na huyo hataandikwa popote kwamba ameuawa na daftari. Ukiwaweka hawa upande mmoja na wale upande mwingine unapata nini? Alijaribu kuhesabu akachoka. Alikuwa amechoka tayari kabla ya kuanza, maana usingizi ulikuwa haupo, na uchovu wa namna hiyo humfanya mtu akubali jambo ambalo angelikataa akiwa mzima.

Kwa hiyo alikubali. Nitasema nini? Alikwenda kwa Lugano akamwambia nisahihishe. Ijumaa akabandikwa begani, na Jumatano iliyofuata aliamka asubuhi mashuka yakiwa makavu. Alikaa kitandani akayapapasa kwa kiganja, akalia. Mwezi ulipokwisha magoti yalikuwa yametulia, alikuwa anapanda ngazi za zahanati bila kusimama, na kichwani ule ukungu wa kusahau majina ya watu ulikuwa umeondoka. Shangazi alimwita tena kwa jina na kumwuliza hali yake. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi kuulizwa.

Tusekile alikuja kumwona nyumbani Jumamosi moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani lakini kiuno kilikuwa kilekile, kwa sababu mwili wa mwanamke wa umri huo ukishindishwa njaa unachukua nyama za mikono na kuacha tumbo. Alisalimia, akakaa, akakataa chai. Akasema amesikia kwamba Subilaga ametolewa daraja la wasiri, na watu wote wanasema amejitahidi.

"Nifundishe," alisema. "Unakula nini? Unaacha nini? Maana mimi nimeacha kila kitu, Subi, sijui nimebakiza nini cha kuacha."

Alikuwa hajaja kumsuta. Alikuwa ameleta kalamu na karatasi ili aandike. Subilaga alimtazama yule mtu aliyemjua miaka arobaini na mitano, ameshika kalamu anasubiri, na moyo ukamwuma. Alisema kwamba atamwambia, lakini siyo leo. Tusekile alikunja karatasi yake taratibu. Ilionekana kwamba ameelewa vibaya, kwamba ameona rafiki yake anamnyima.

5

Kiapo kilichukua dakika kumi. Afisa alitoka wilayani, mtu mpole mwenye mafua, akasoma maandishi, akauliza mara mbili kama anaelewa maana yake. Alielewa. Leseni yake ya unesi na ukunga ingesimamishwa siku hiyohiyo. Wale kumi na mmoja wangeitwa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza Mama Anyosisye. Kibandiko chake, kwa kuwa kilipatikana kwa usahihisho wa uongo, kingeondolewa, na Lugano angepewa barua ya onyo tu, kwa sababu Subilaga alisema kwamba yeye ndiye aliyemshurutisha. Kazi moja tu waliyomwachia ilikuwa ya kupima upya na kuandika, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua nani alipunguziwa ngapi. Alisaini. Akajibandua mwenyewe kile kipande begani na kukiweka mezani mbele ya afisa.

Shangazi alizimwa na Lugano, ndiyo ilikuwa kazi yake. Kioo kilififia kikawa kioo cha kawaida cha kujitazamia. Ukumbini mama mmoja mjamzito aliuliza kulikoni.

Lugano hakugeuka upesi. Alipogeuka, macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Basi mwanangu atazaliwa kama nilivyozaliwa mimi," alisema. "Mikononi mwa mtu."

"Nitakuwepo," alisema Subilaga.

"Huna leseni."

"Sina."

"Sasa utakuwepo kama nani?"

Subilaga angeweza kumwambia kwamba anajua bado kusikiliza mtoto kwa sikio, kwamba anaijua rangi ya damu inayotisha na ile isiyotisha, kwamba alishawahi kuokoa wengi kabla ya kioo. Lakini wale wanne nao walikuwa mikononi mwake, na Lugano alilijua hilo kwa sababu Subilaga mwenyewe alimsimulia. Lugano alichukua mkoba wake akaondoka. Siku iliyofuata alihamia kwa dada yake Mbeya mjini, kilometa sabini, karibu na hospitali kubwa. Walioweza walifuata. Wengi hawakuweza, na hao walipokutana na Subilaga njiani walipita upande wa pili.

6

Mizani ya zamani ilitolewa stoo, ikapanguswa buibui, ikawekwa ukumbini palepale. Tangazo lilisomwa makanisani kwamba wanawake wote waliovuka arobaini na tano waje wapimwe upya na waulizwe. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili walikuja wawili, wakakaa, wakanong'ona, wakaondoka bila kupimwa. Subilaga alikaa na daftari lake jipya, na joto lilikuwa limerudi lote na riba yake, akijipepea kwa karatasi ya kiapo. Alikuwa amejiandika mwenyewe kwenye mstari wa kwanza: kilo sabini na saba, hajakoma. Chini yake palikuwa peupe.

Alifikiri mambo mengi siku hizo, mengi yao ya uchungu. Kwamba ameipoteza kazi, amempoteza Lugano, wajawazito wako gizani, na wale aliofanya yote kwa ajili yao wanaona haya kusimama juu ya mizani mbele ya benchi. Na angewalaumu vipi? Ni yeye na wenzake waliowafundisha, miaka yote ile, kwamba namba ya kweli ya mwanamke mtu mzima ni kitu cha kufichwa.

Siku ya tatu benchi lilijaa, lakini hakuna aliyenyanyuka. Walikaa kama watu waliokuja kutazama. Miongoni mwao alikuwepo mzee Mwambene, baba mkwe wa Tusekile, amekuja kwa ajili ya kikohozi chake, amegeukia ukutani kama mila inavyotaka panapokuwa na wake za wanawe. Ilipofika saa nne Tusekile alisimama na fimbo yake, akavuta ule mguu mpaka mbele, akavua mabuti, akapanda. Alikuwa hajamsalimia Subilaga.

Subilaga alimwuliza kwa sauti ya chini sana lile swali. Hawakuwahi kuulizana tangu wasichana.

"Siku zako zilikatika lini?"

Tusekile alimtazama. "Hazijakatika. Zilikuja mwezi wa nne. Nikajua ni ugonjwa wa kufa, kwa sababu niliambiwa nimemaliza zamani. Nikaanza kugawa vitenge vyangu kwa wakwe."

Subilaga aliandika. Kisha akasogeza jiwe la mizani mpaka likatulia. Themanini na sita. Na jamani, mazoea ni kitu kibaya, kwa sababu kabla hajaamua lolote mkono ulikuwa umeshaanza kuchora ile mbili ya themanini na mbili. Alikata, akaandika sita.

Tusekile aliuona ule mkato. Aliinama akalitazama daftari muda mrefu, jina lake, ile mbili iliyokatwa, ile sita.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo," alisema.

"Hukuwa. Mwongo nilikuwa mimi."

Subilaga alisubiri. Alitaka kutukanwa, ingemsaidia. Tusekile hakumtukana wala hakumpa mkono. Alishuka, akakaa kwenye kiti akavaa mabuti yake, moja, na la pili kwa shida kwa sababu ya goti. Akasimama, akaegemea fimbo, akawageukia wanawake wa kwenye benchi na yule mzee aliyeangalia ukuta.

"Themanini na sita," alisema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Na bado nina siku zangu. Haya, nyanyukeni."